Kumlisha kalunguyeye wa bustanini bila kumdhuru

Kosa la kwanza huwa ni maziwa. Mtu anamwona kalunguyeye akikatiza bustani usiku, anarudi jikoni, anamimina maziwa kwenye sahani na kuloweka kipande cha mkate. Mnyama anakula mpaka anairamba sahani, na hapo mazoea yanazaliwa, kwa sababu madhara hayatokei mbele ya macho ya aliyempa. Kalunguyeye hameng'enyi laktosi, yaani sukari iliyomo kwenye maziwa ya ng'ombe. Anaharisha, maji yanamwishia mwilini, na mnyama ambaye uzito wake wote ni gramu 600 au 800 hana akiba ya kumvusha. Mkate nao unamjaza bure: tumbo limeshiba, mwili haujapata kitu, na usiku ambao angeutumia kusaka mbawakawa umeshapita.

Nazungumzia kalunguyeye wa Uingereza, yule wa kahawia anayeingia kwenye bustani za nyuma ya nyumba, Leicester, Reading au viungani mwa London. Huko ndiko kumlisha kumekuwa desturi ya watu wengi, na huko ndiko Waswahili kadhaa walioko ughaibuni wanamkuta mlangoni kwao usiku. Wa kwetu Afrika Mashariki nitamgusa mwishoni, maana mambo yake ni mengine.

Sababu ya kumsaidia ipo. Mwaka 2020 orodha nyekundu ya mamalia wa Uingereza ilimweka miongoni mwa wanyama walio hatarini kutoweka nchini humo. Ripoti ya mwaka 2022 juu ya hali ya kalunguyeye ilieleza kwamba vijijini wamepungua kwa kati ya asilimia 30 na 75 tangu mwaka 2000, kutegemea eneo, huku mijini hali ikionekana kutulia. Maana yake ni kwamba bustani za mijini, pamoja na udogo wake, zimekuwa kimbilio. Lakini hakuna bustani moja inayomtosha. Kwa usiku mmoja anaweza kutembea kilomita moja hadi mbili, kwa hiyo kabla ya kununua chakula chochote, angalia uzio. Tundu la sentimita 13 kwa 13 chini ya ubao linamtosha kupita, na ni dogo kwa mbwa wengi. Ongea na jirani kwanza. Kama nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba hataki uzio ukatwe, chimba mfereji mfupi chini yake. Kalunguyeye hajali kupita juu au chini.

Sasa jambo ambalo naona linasahaulika sana. Kalunguyeye ni mnyama wa peke yake. Anasaka peke yake, analala peke yake, na dume na jike hukutana kwa ajili ya kuzaliana tu. Bakuli linauvunja utaratibu huo. Watatu au wanne ambao porini wangepishana kwa mbali wanajikuta kwenye sahani moja, wanasukumana, wanakunya palepale na kukanyaga chakula kwa miguu hiyohiyo. Karibu kila kinachoharibika katika ulishaji kinatokana na msongamano huo: magonjwa, ugomvi, panya, mbweha anayejifunza kwamba hapa kuna kitu kila jioni. Kwa hiyo kazi yako ni kumpa kidogo, kumficha anapokula, na kuosha.

Maji kwanza

Kama utafanya jambo moja tu, weka maji. Bakuli la kauri lenye kina cha sentimita tatu hadi nne, zito kiasi cha kutopinduliwa, liwekwe chini kabisa, karibu na ua wa mimea au ukuta. La plastiki jepesi atalipindua kwa pua. Yabadilishe kila siku, majira yote. Wakati wa kiangazi chao, Julai na Agosti, udongo unapokauka nyungunyungu huzama chini, koa hujificha, na kalunguyeye anakosa chakula na maji kwa wakati mmoja, maana sehemu ya maji yake hutoka kwa anachokula. Wakati wa baridi vunja barafu asubuhi na jioni. Maji hayavuti panya kama chakula, hayaozi haraka, na hayamnyimi mnyama sababu ya kusaka. Nisingemlaumu mtu anayeishia hapo.

Ukiwa na bwawa dogo bustanini, mwekee njia ya kutokea. Kalunguyeye anaogelea vizuri, ila hawezi kupanda ukingo ulio wima na wenye utelezi. Anazunguka mpaka anachoka na kuzama. Rundo la mawe pembeni au ubao uliowekwa kwa mteremko na kufungwa wavu wenye mashimo madogo unamaliza tatizo.

Chakula chenyewe

Porini anakula mbawakawa, viwavi, nyungunyungu, jongoo, na koa kidogo. Ni mlo wenye protini nyingi. Kitu cha dukani kinachoukaribia zaidi ni chakula cha paka au mbwa chenye nyama nyingi: kuku, bata au nyama ya ng'ombe. Cha kopo chenye jeli ni bora kuliko chenye mchuzi mwepesi, kwa sababu mchuzi unachuruzika, unachafua boksi na kuita nzi. Biskuti kavu za paka, hasa zile ndogo za watoto wa paka, ndizo ninazozipendelea kuliko vyote. Haziozi usiku mmoja, hazigandi kwenye baridi, koa hawazivamii kwa wingi, na zinasaidia meno. Kalunguyeye mzee anaweza kuwa na meno yaliyochakaa au ufizi mbovu, kwa hiyo ukiona punje zimetafunwatafunwa na kutemwa, zilainishe kwa maji ya uvuguvugu.

Mifuko inayouzwa kwa picha ya kalunguyeye mbele isikudanganye. Geuza mfuko usome viungo. Cha kwanza kwenye orodha kinapaswa kuwa nyama. Mingi ya mifuko hiyo imejazwa karanga, mbegu za alizeti, matunda makavu na mabuu makavu, yaani yaleyale ya kuepuka, kwa bei kubwa kuliko chakula cha paka.

Mabuu hayo yanahitaji maelezo. Ni yale ya mbawakawa wa unga, makavu, ya rangi ya dhahabu, yanayouzwa kwa ajili ya ndege. Kalunguyeye anayapenda kama mtoto apendavyo pipi, na akiyazoea atayachagua na kuacha chakula kingine chote. Tatizo liko kwenye madini. Yana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana. Fosforasi ikizidi, mwili hutafuta kalsiamu ya kuweka mizani, na akiba iliyo karibu ni mifupa yake mwenyewe. Mifupa inakuwa laini, miguu inapinda, mnyama anatembea kwa kujikokota, na mfupa unaweza kuvunjika bila kugongwa na kitu. Wanaoumia zaidi ni wadogo ambao bado wanakua. Karanga na mbegu za alizeti zina kasoro hiyohiyo ya madini, na juu yake kipande cha karanga kinaweza kukwama kwenye kaakaa, akashindwa kula kabisa. Kama umekuwa ukitoa mabuu na sasa kalunguyeye wako hataki kingine, usikate ghafla. Changanya na biskuti, punguza mabuu kila usiku, na ndani ya wiki mbili hivi awe ameyaacha. Kumbuka pia kwamba mabuu na mbegu huanguka kutoka kwenye kilishio cha ndege, kwa hiyo boksi lake lisiwe chini ya kilishio.

Vingine vya kuacha kwa ufupi: chochote chenye chumvi au viungo, mabaki ya meza, keki, biskuti za watu, vitu vitamu. Wali na ugali havina sumu, lakini ni mkate kwa jina jingine.

Kiasi na saa

Bakuli ni kitoweo cha pembeni, chakula chake kipo bustanini. Anza na vijiko viwili vya mezani vya biskuti au vitatu vya chakula cha kopo, kisha soma sahani asubuhi. Ikibaki, ulizidisha. Ikiwa nyeupe na una hakika ni kalunguyeye aliyekula, ongeza kijiko kimoja usipite hapo, labda uwe na kamera na umeona kwamba wanaokuja ni zaidi ya mmoja. Hapo tena dawa ni kuweka kituo cha pili upande mwingine wa bustani, chenye kiasi kidogo kama cha kwanza. Kuongeza sahani iliyopo kunawasonga pamoja.

Weka giza linapoingia. Uingereza giza linahama sana: London mwezi Juni jua linatua baada ya saa tatu usiku, katikati ya Oktoba ni kama saa kumi na mbili jioni, na saa zikisharudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba, jioni inaanza kabla ya saa kumi na moja. Anayeweka chakula saa moja kila siku mwaka mzima, Juni analisha paka na kunguru. Asubuhi ondoa kila kilichobaki kabla ya kwenda kazini.

Boksi

Sahani iliyo wazi ni karamu ya paka wa jirani. Boksi la kulia linatengenezwa kwa muda mfupi na vifaa vyake ni rahisi.

Tafuta boksi la plastiki lenye mfuniko, la kuhifadhia vitu, lenye urefu wa sentimita 60 hivi, upana 40 na kimo 25 hadi 30. Lisiwe la plastiki angavu kabisa. Kalunguyeye anapenda giza. Kwenye upande mrefu, karibu na kona ya kushoto, chora mraba wa sentimita 13 kwa 13 unaoanzia usawa wa sakafu. Toboa tundu dogo kwenye kila pembe ya mraba kabla ya kukata. Usipofanya hivyo, plastiki hupasuka kutoka kwenye pembe na ufa ukaenda mpaka ukingoni, hasa boksi likiwa limekaa kwenye baridi. Kata kwa kisu kikali au msumeno mwembamba, kisha zungushia tepu nene kingo zote nne. Kingo za plastiki iliyokatwa ni kali kuliko zinavyoonekana, na tumbo la kalunguyeye halina miiba.

Hapo watu wengi hukomea, na paka anaingia. Tundu la sentimita 13 ambalo kalunguyeye anapita ndilo paka mwembamba analipita pia. Kinachomzuia ni kona. Ndani ya boksi simamisha ubao, sentimita 15 kutoka ukuta wa kushoto, uanzie upande wa mlango na kuelekea nyuma kwa sentimita 27 hivi, ili ubaki upenyo wa sentimita 13 mwishoni. Kalunguyeye ataingia, atafuata ujia huo hadi nyuma, atageuka kulia na kurudi mbele hadi kwenye sahani iliyo kona ya mbali. Mnyama wa miguu mifupi aliyezoea kupenya chini ya vichaka hataona tabu. Paka mwenye mwili mrefu anashindwa kujikunja, na mkono wake haufiki kwenye sahani. Kama bado anaingia, weka tofali au kipande cha zege nje, sentimita 13 mbele ya mlango, ili hata kuingia kwenyewe kuwe kwa kupinda.

Juu ya mfuniko weka matofali mawili. Mbweha ana akili ya kupindua boksi jepesi, na akifaulu mara moja atarudi kila usiku. Toboa matundu madogo chini ili maji ya mvua yasituame, na machache juu ya kuta kwa ajili ya hewa. Sakafuni tandika gazeti. Usiweke nyasi kavu wala majani. Ukiweka, atalifanya kuwa nyumba ya kulala, atakunya humo, na huwezi tena kusafisha bila kumwamsha. Nyumba ya kulala ni kitu kingine, iwekwe mbali, na haifunguliwi hovyo.

Liegemeze boksi kwenye ukuta au ua wa mimea, mlango ukitazama kichaka. Katikati ya majani mafupi hatalikaribia kwa raha. Usiku wa kwanza au wa pili anaweza kulipuuza kabisa. Punje chache za biskuti kwenye mlango na nyingine ndani ya ujia zitamwongoza.

Kuosha

Sehemu hii haina picha nzuri za kurusha mtandaoni, lakini ndiyo inayotenganisha msaada na madhara. Kalunguyeye hubeba salmonela, na aina inayowapata imewahi kuwaambukiza watu. Hubeba pia fangasi wa choa wanaohamia kwenye ngozi ya binadamu, wakaleta upele unaowasha vibaya kwenye mikono. Hakuna sababu ya kuogopa, ila vaa glavu.

Sahani na bakuli la maji vioshwe kila siku, nje, kwa maji ya moto na sabuni, kwa brashi na ndoo visivyoingia jikoni. Si kwenye sinki unamooshea vyombo vyenu. Baada ya sabuni tumia dawa ya kuua vijidudu iliyo salama kwa wanyama, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha suuza sana na uache vikauke. Kuwa na sahani mbili kunarahisisha: moja inakauka, nyingine iko kazini. Gazeti libadilishwe kila asubuhi. Boksi lote, pamoja na ubao wa ndani, lisuguliwe mara moja kwa wiki, na mara nyingi zaidi kama wanakuja wengi. Majani yaliyo mbele ya mlango nayo yanachakaa na kujaa kinyesi, kwa hiyo lihamishe boksi mita moja au mbili kila baada ya majuma mawili. Watoto wanaocheza hapo wanawe mikono kabla ya kula.

Kama huna nafasi ya kuosha kila siku, usilishe kila siku. Weka maji, mengine mwachie.

Nani anakula?

Sahani tupu si ushahidi wa kalunguyeye. Kamera ndogo ya usiku inamaliza ubishi, lakini njia ya bei nafuu ni kutandaza mchanga mwembamba uliolowa kidogo mbele ya mlango na kuutazama asubuhi. Kinyesi nacho kinasema: cha kalunguyeye ni cheusi chenye kung'aa, urefu wa sentimita tatu hadi tano, na ukikitazama kwa karibu utaona vipande vya magamba ya mbawakawa vinavyometameta. Kikiwa cha kijani, laini na chenye utelezi, huyo anaumwa.

Panya wakianza kuja, jiulize kwanza kama unaacha mabaki hadi asubuhi. Acha kulisha kwa siku kadhaa, safisha eneo, kisha anza upya na kiasi kidogo mahali pengine. Usitumie sumu ya panya. Mabaki ya sumu hizo yamekutwa ndani ya miili ya kalunguyeye wa Uingereza. Koa nao hupenda chakula cha kopo usiku wa mvua. Waokote na utumie biskuti kavu siku hizo, kwa sababu koa na konokono ndio wanaobeba minyoo ya mapafu inayomwingia kalunguyeye akiwala. Vidonge vya kuulia koa vyenye sumu ya metaldehaidi vilipigwa marufuku kutumika nje nchini Uingereza kuanzia mwaka 2022, hivyo kopo la zamani lililosahaulika kwenye kibanda cha bustani lipeleke kwenye kituo cha taka hatarishi.

Misimu

Anaamka Machi au Aprili akiwa amepoteza sehemu kubwa ya uzito, wakati mwingine hadi theluthi. Huo ni wakati mzuri wa kusaidia. Juni na Julai watoto wengi huzaliwa, kwa kawaida wanne au watano. Ukimkuta jike mchana anabeba majani mdomoni kwa mwendo wa haraka, mwache, anatengeneza kiota. Usikifunue kiota kutafuta watoto. Mama aliyeshtuliwa anaweza kuwatelekeza au hata kuwaua.

Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya kunenepa, na kuna wadogo waliozaliwa mzao wa pili ambao hawana muda wa kutosha. Mdogo aliye chini ya gramu 450 hivi baridi inapoanza ana nafasi ndogo ya kuuvuka usingizi wa miezi hiyo. Ukimwona mmoja mdogo kuliko wenzake mwishoni mwa Oktoba, vaa glavu, mpime kwenye mizani ya jikoni ndani ya bakuli, kisha piga simu kituo cha kuokolea wanyama ueleze uzito wake. Usimfuge wewe.

Kuanzia Novemba wengi hulala. Joto la mwili linashuka kutoka kama nyuzi 35 hadi chini ya 10, na mapigo ya moyo kutoka kama 190 kwa dakika hadi 20 hivi. Lakini hawalali moja kwa moja; huamka mara kadhaa, hata kuhama kiota. Hapa wanaolisha wanabishana: wengine wanasema endelea, wengine wanahofu kwamba chakula kinawazuia kulala. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Reading uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta uhusiano kati ya ulishaji wa wenye nyumba na kalunguyeye kuonekana bustanini miezi ya baridi. Njia ninayoiona ya busara ni hii: usikate ghafla. Punguza taratibu sahani inapoanza kubaki na chakula, na ikipita wiki nzima bila kuguswa, acha maji tu pamoja na kijiko kimoja cha biskuti kavu kinachobadilishwa. Sahani ikianza kuliwa tena Januari, ongeza kidogo.

Siku za karibu na tarehe 5 Novemba Waingereza huwasha mioto mikubwa, na rundo la kuni lililokaa wiki nzima ni kitanda kizuri kwa kalunguyeye. Lihamishe rundo lote siku ileile ya kuliwasha. Mashine ya kukatia majani marefu ni hatari hiyohiyo, hivyo pekua kichaka kwa mkono kabla ya kukata, na mashine za kukata majani zinazojiendesha zisiachwe usiku.

Anayeonekana mchana

Kalunguyeye aliyelala wazi juani, anayeyumba, mwenye nzi wanaomzunguka au asiyejikunja anapoguswa, yuko taabani hata kama anaonekana "anaota jua". Anaota kwa sababu joto la mwili limeshuka. Mchukue kwa glavu au taulo nene, mweke kwenye boksi refu lenye taulo ndani. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo iwekwe upande mmoja tu, ili aweze kusogea mbali akizidiwa na joto. Ikipoa ibadilishe, maana chupa iliyopoa inamnyonya joto lilelile ulilompa. Maji ya kunywa yawepo. Usimpe chakula kabla hajapata joto, na usimdondoshee maji mdomoni, atayavuta mapafuni. Vitu vidogo vyeupe kama punje za mchele kwenye miiba na masikio ni mayai ya nzi, na yakianguliwa funza humla akiwa hai. Hiyo si ya kusubiri kesho. Piga simu kwa daktari wa wanyama au kituo cha karibu. British Hedgehog Preservation Society, shirika lililoanzishwa mwaka 1982, huelekeza watu kwenye vituo vya maeneo yao. Na usimpake dawa ya viroboto ya mbwa. Inaweza kumuua yeye kabla ya viroboto.

Mahali ambapo hapaswi kulishwa

Si kila nchi inamtaka. Mwaka 1974 walipelekwa kisiwa cha South Uist, Scotland, ili wale koa bustanini, wakazaana na kuanza kula mayai ya ndege wanaotaga ardhini, mpaka serikali ikawa inawaondoa. New Zealand, ambako waliletwa na walowezi, wanahesabiwa kuwa wanyama waharibifu kwa sababu hiyohiyo. Huko hakuna bakuli.

Kalunguyeye wa Kenya na Tanzania ni jamii nyingine, mdogo zaidi, tumbo na uso vyeupe, na vidole vinne tu miguu ya nyuma. Halali usingizi mrefu wa baridi kama yule wa Ulaya, ingawa hupooza kwa muda joto au chakula kinapopungua. Kumbikumbi, mchwa, mende, panzi na jongoo anawapata vya kutosha, kwa hiyo sioni haja ya kumwekea chakula. Maji kwenye sahani ya kina kifupi wakati wa kiangazi yanatosha. Kinachomuumiza Arusha au Nairobi ni sumu ya panya iliyotawanywa uani, mbwa wanaofunguliwa usiku, na rundo la majani makavu linalochomwa asubuhi yeye akiwa amelala ndani. Ni mnyamapori, na sheria za nchi zote mbili, ya Tanzania ya mwaka 2009 na ya Kenya ya mwaka 2013, zinataka kibali kabla ya kumshika na kumfuga. Rundo la majani lipekuliwe kwa fimbo taratibu kuanzia chini, upande wenye kivuli, ndiko anakopenda kujilaza. Ukimkuta, mhamishe kwa sepeto hadi chini ya ua wa mimea ulio karibu, kisha ndipo uwashe.